Vali Inayovuja Kidogo Huhitaji Kumbukumbu Nzuri

Ndugu zangu wa Moshi huniuliza mara kwa mara kama hali ya moyo wangu ingekuwa mbaya zaidi iwapo nisingehamia Leeds, Uingereza, na jibu langu huwaudhi wanaoisifu Ulaya pamoja na wanaoibeza. Kwa tatizo dogo la vali, yaani kilango cha moyo kinachozuia damu isirudi nyuma, kama langu, wataalamu na mashine za kulichunguza wapo pande zote mbili. Kinachotofautiana ni nani anayetunza kumbukumbu za vipimo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mgonjwa wa nyumbani anapoumia.

Vali yangu ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto wa moyo, haifungi sawasawa, kwa hiyo kila moyo unapojibana damu kidogo hurudi ilikotoka. Daktari huisikia anapokisikiliza kifua, kisha kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti bila sindano wala mionzi, huonyesha inavuja kwa kiasi gani. Katika kiwango hiki hakuna dawa ya kuiziba wala sababu ya kufanyiwa upasuaji. Kazi ni kuifuatilia. Kwa kawaida eko hurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5 ikiwa uvujaji ni mdogo, kila mwaka 1 au 2 ukiwa wa wastani, na kila miezi 6 hadi 12 ukiwa mkubwa, hata kama mgonjwa hajisikii vibaya. Lakini kipimo kimoja pekee hakisemi mengi. Daktari anataka kujua kama chumba cha chini kimetanuka tangu mara iliyopita na kama bado kinasukuma damu kwa nguvu ileile, jambo ambalo haliwezekani bila tarakimu za zamani.

Hapa Uingereza barua ya miadi hunifuata nyumbani hata nikiwa nimesahau kabisa, na mpimaji hufungua picha za awali kabla hajaanza kazi yake. Ripoti huenda kwa daktari wa mtaa, na nikihama mtaa jalada langu huhamia kwa daktari mpya. Foleni ni ndefu, tena ndefu ya kukera, na daktari anaweza kuzungumza nawe dakika zote akitazama kompyuta. Hata hivyo mfumo unakukumbuka.

Nyumbani hatukukosa mahali pa kwenda. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo Moshi tangu mwaka 1971, Arusha kuna hospitali zenye huduma za moyo, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya upasuaji wa vali na hutuma wataalamu wake mikoani. Tatizo huanza mgonjwa anapotoka mlangoni na karatasi yake. Shangazi yangu wa Kibosho, ambaye vali yake huvuja kama yangu, hutunza ripoti zake katika bahasha moja na hati za shamba. Alipopelekwa hospitali nyingine, ripoti muhimu kuliko zote ilikuwa imesahaulika kwa binti yake Arusha, hivyo akalipia eko upya, na daktari akaandika kwamba uvujaji ni mdogo bila kuwa na namna ya kujua kama umeongezeka. Daktari huyo simlaumu hata kidogo.

Ipo sehemu moja ambapo nyumbani wanajua zaidi. Katika chumba cha kusubiria huku, wenzangu wengi ni wazee ambao vali zao zimekakamaa kwa umri, ilhali kwetu utawakuta vijana na watoto, kwa sababu ya mafindofindo yasiyotibiwa. Bakteria wa koo huuchochea mwili kujishambulia wenyewe, vali zikiwemo, na wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto wa namna hiyo, hata kama vali inavuja kidogo tu, huhitaji sindano ya penisilini inayodumu mwilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi na kuiharibu zaidi. Daktari wangu wa Leeds, aliposikia nimekulia Moshi, aliniuliza kuhusu mafindofindo ya utotoni, kisha akakiri kwamba wagonjwa wa aina hiyo huwaona kwa nadra. Muuguzi wa kwetu aliyezoea kuichoma sindano hiyo hahitaji kuelezwa maana yake.

Kujisikia mzima ndiko kunakowapotosha watu wa pande zote mbili. Uvujaji mdogo kwa kawaida hauna dalili, na huku kwenye barabara tambarare naweza kukaa mwaka mzima bila kujua pumzi yangu ikoje, wakati shangazi huipima kila akipanda kutoka shambani. Akianza kuhema kwenye mwinuko aliouzoea, akivimba miguu, au akishindwa kulala bila kuinua mito, asisubiri tarehe ya miadi. Kumnyang'anya jembe kwa sababu tu vali inavuja kidogo, kama baadhi ya ndugu walivyotaka, ni kumwonea.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwetu tulio nje. Mtu akilazwa, kundi la familia kwenye simu huchanga usiku huohuo. Kulipia eko ya mtu anayetembea na kucheka hakumshtui yeyote, ingawa gharama yake ni ndogo kuliko ya kulazwa. Desemba hii, Wachagga tutakaporudi nyumbani kama kawaida yetu, naomba kila familia yenye mgonjwa wa vali ipige picha ripoti zake zote, zihifadhiwe kwenye simu za watu wawili au watatu, na tarehe ya kipimo kijacho iandikwe pamoja na jina la atakayekilipia. Cha shangazi nitakilipia mimi.