VerifyRemove haitoshi: rusheni tukio lenyewe

Nimechoka kukuta jaribio hili kila ninapokagua msimbo wa C#: mtu anatengeneza sensa bandia kwa Moq (maktaba ya kutengeneza vitu bandia vya majaribio), anaikabidhi klasi inayojaribiwa, anaita Dispose (methodi ya kusafisha klasi inapomaliza kazi), halafu anamalizia na VerifyRemove, ukaguzi wa Moq kwamba usajili wa tukio umeondolewa, yenye It.IsAny<EventHandler>(). Linafaulu, na wote wanaamini klasi imejiondoa kwenye tukio.

Jamani, hapo mmethibitisha tu kwamba mstari wenye -= (alama ya kujiondoa kwenye tukio; += ni ya kujisajili) umepitiwa!

Tazameni kosa lililo la kawaida kuliko yote. Kwenye konstrakta:

sensa.JotoLimebadilika += (s, e) => Onyesha();

Kwenye Dispose:

sensa.JotoLimebadilika -= (s, e) => Onyesha();

Kwa macho ni kitu kimoja, lakini hizo ni delegeti (marejeleo ya methodi itakayoitwa tukio likirushwa) mbili tofauti. Ya pili haimo kwenye orodha ya wasikilizaji, na -= isipokuta cha kuondoa haitoi kosa lolote. Ya kwanza inabaki. Maadamu sensa iko hai, inaishikilia klasi yako kwenye kumbukumbu, na dirisha lililokwisha kufungwa linaendelea kupokea joto jipya. VerifyRemove nayo inafaulu, kwa sababu umeiambia ikubali delegeti yoyote.

Dawa ni kurusha tukio na kutazama matokeo:

sensaBandia.Raise(s => s.JotoLimebadilika += null, EventArgs.Empty);

Hakikisha skrini bandia, ile inayoitwa na Onyesha, imeitwa Times.Once (mara moja tu). Ita Dispose. Rusha tena, kisha hakikisha hesabu ingali Times.Once. Msimbo wa hapo juu utaanguka palepale, kwa sababu hesabu itakuwa 2. Tafadhali usiruke mrusho wa kwanza: bila huo, hata klasi ambayo haikujisajili kabisa itafaulu. Huo huo ndio unaomnasa aliyejisajili mara mbili.

Ukibandia klasi badala ya intafesi, tukio liwe virtual (yaani klasi rithi iweze kulibatilisha), la sivyo Moq haiwezi kuliingilia. Kwa NSubstitute, maktaba nyingine ya aina hiyo, tumia Raise.Event(), mantiki haibadiliki.

Sawa, nakubali VerifyAdd na VerifyRemove, zilizopo tangu Moq 4.13, zina mahali pake: klasi ya kati ambayo kazi yake yote ni kupitisha usajili kwenda kwa kitu cha ndani. Hata huko, taja delegeti halisi unayoitarajia, usiweke It.IsAny.

Na lambda isiyohifadhiwa popote haiondoleki. Tumia methodi yenye jina, au itunze delegeti kwenye fildi.