Kitabu cha gereji mkononi mwa mwenye gari

John Haynes alikuwa akitumikia jeshi la anga la Uingereza mjini Aden alipoombwa na mwenzake amsaidie kufufua gari lake, Austin-Healey Sprite iliyochoka. Kitabu rasmi cha kiwanda hakikuwafaa, kwa kuwa hakikuandikwa kwa ajili ya mwenye gari wa kawaida. Haynes akatafuta kamera, akapiga picha kila hatua ya kuifungua injini na kuifunga tena. Mwaka 1966 kikatoka kitabu cha kwanza, na nakala 3,000 ziliisha kabla ya miezi mitatu. Tangu hapo vitabu vya Haynes vimeuzwa zaidi ya milioni 200.

Je, kitabu cha aina hiyo kina faida kwa mwenye Vitz pale Mbagala, au mwenye Probox Thika? Wanaokipuuza wana hoja, na si hoja nyepesi.

Ya kwanza ni pesa. Uingereza saa moja ya fundi ni ghali, hivyo mtu akibadilisha breki pedi mwenyewe mara moja tu, bei ya kitabu imesharudi. Kwetu mambo yamegeuka: ufundi ndio rahisi, spea ndiyo inayoumiza. Ukinunua seti ya spana, jeki nzuri, stendi na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ili ukwepe kumlipa fundi wa mtaani, hesabu haitakulipa kwa miaka mingi.

Ya pili naiona nzito zaidi: mara nyingi kitabu kinazungumzia gari ambalo huna. Magari yetu mengi yaliuzwa kwanza Japani. Vitz huko Ulaya huitwa Yaris. Ukichukua kitabu cha Yaris ya Ulaya ukitumie kwa Vitz, sura za breki na sasipensheni zitakufaa sana. Ukifika kwenye giaboksi unaweza kukwama, maana Yaris nyingi za Ulaya ni za gia za mkono, na Vitz nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa ni otomatiki. Na kile kijitabu cha mwenye gari unachokikuta kwenye dashibodi mara nyingi ni cha Kijapani. Kinachookoa hapa ni injini. Injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, ya lita 1.5, imefungwa kwenye Probox, Fielder, Allion, Raum na baadhi ya IST, kwa hiyo maelezo yake yakipatikana kwenye kitabu cha gari moja, mengi yanafaa kwa mengine. Muhimu usome kibati kilicho chini ya boneti, kinachotaja modeli na injini, kabla ya kuamini jina lililoandikwa nyuma ya gari.

Halafu kuna ile kauli ambayo wasomaji wa Haynes wanaijua kwa moyo, kwamba kurudishia ni kinyume cha kufungua. Kwa gari ambalo halijachezewa ni sawa. Gari la miaka ishirini limepita mikononi mwa watu: bolti imeshikwa na kutu, nati si ya saizi yake, waya umekatwa na kuungwa kwa tepu. Kitabu hakina habari na hayo. Fundi aliyeyaona mara mia anajua lini pa kupasha moto na lini pa kuacha kulazimisha.

Pamoja na yote hayo nasimama upande wa kitabu, wala si kwa ajili ya kuokoa ujira wa fundi. Fundi mzuri ana mikono na masikio. Kisichokaa kichwani kirahisi ni namba na mpangilio. Nati za magurudumu za Toyota hizi ndogo hukazwa Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Tumezoea kuona zikikazwa kwa kukanyaga spana, na siku ya pancha njiani mwenye gari anashindwa kuzifungua. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwenye injini nyingi za sasa humaliziwa kwa kuzungushwa nyuzi (digrii) kadhaa. Ukikaza kwa kuhisi, gasketi inaweza kuvuja na hedi kupinda. Kwenye mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea, Toyota inaagiza uchomoe waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya zake za njano. Hilo si jambo la mtu kuligundua kwa uzoefu. Lazima aliyelijua aliandike na wewe ulisome.

Faida nyingine ni pale unapozungumza na fundi. Anayejua kwamba 1NZ-FE inatumia cheni ya taimingi hawezi kuuziwa mkanda. Anayejua kwamba inachukua oili lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta atashtuka akiambiwa alete lita tano na zote zimeingia. Wapo wanaosema mafundi huudhika wakisomewa kitabu, na ni kweli ukienda na sura ya mkaguzi. Ukimuuliza kwa adabu, “Fundi, hii tunaikaza kwa kiasi gani?”, wengi hujibu vizuri, na jibu lenyewe linakuonyesha umemkabidhi nani gari lako.

Video za mafundi wetu kwa Kiswahili zinaonyesha mkono unapita wapi na injini inatoa mlio gani, jambo ambalo karatasi haliwezi. Lakini nyingi hazitaji namba. Haynes wenyewe walitangaza Desemba 2020 kwamba hawatachapa tena vitabu vipya vya aina hii kwenye karatasi. Vya zamani vinaendelea kuchapwa, na kwa magari yetu ya umri mkubwa hivyo vya zamani ndivyo vinavyotuhusu.

Ningemshauri mtu aanzie kwenye oili, filta, plagi na breki pedi, gari likiwa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Haynes hupima ugumu wa kazi kwa alama za spana, moja hadi tano. Za nne na tano ampe fundi. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) na nyaya nene za rangi ya chungwa, zenye umeme mkali, kwenye magari ya hybrid kama Prius au Aqua asiziguse, hata kama sura yake imeandikwa vizuri namna gani. Hiyo aisome ili ajue la kuuliza, na atambue kama gereji anayopeleka gari ina vifaa vya kazi hiyo.