Binti kapaka chungwa kijani, kapewa kosa

Wiki iliyopita binti yangu, ana miaka mitano yupo chekechea hapa Tanga mjini, karudi nyumbani kanuna hataki hata uji. Nikafungua begi nikatoa daftari, nakuta mchoro wa chungwa kaupaka kijani, vizuri tu wala hajatoka nje ya mstari, na juu yake kosa kubwa la peni nyekundu limekatiza ukurasa mzima. Namuuliza kwa nini kijani mwanangu, ananiangalia kama mimi ndio sielewi: "Si chungwa, mama?"

Nikaenda jikoni nikachungulia beseni. Machungwa ya Muheza, nimenunua mwenyewe jana yake, matamu huwezi kula moja ukaacha, na hakuna hata moja lenye hiyo rangi ya chungwa tunayoiimba. Kijani tupu, moja tu lina umanjano kwa mbali upande mmoja. Chungwa ili ganda lipoteze ukijani linataka usiku wa baridi, sasa huku kwetu pwani usiku wa baridi utautoa wapi, mpaka upande Lushoto. Letu linaiva ndani, nje bado kijani. Kwahiyo mtoto kapaka anachokiona kila siku mezani, na kakosa.

Sitaki kumsema mwalimu vibaya maana nimelikuta darasa lenyewe. Tangu Sera ya Elimu ya 2014 iseme mwaka mmoja wa awali ni lazima, halafu 2016 ada ikaondolewa shule za serikali, watoto wamemiminika na yeye yupo peke yake. Ukutani ana chati moja ya matunda: epo, zabibu, stroberi, na chungwa linalong'aa kama taa. Stroberi! Walahi nje ya dirisha hilohilo kuna mpera na watoto wanaurushia mawe kila mapumziko.

Nikamwambia mwalimu naomba nusu saa tu Ijumaa, matunda nakuja nayo mimi. Akacheka, akasema haya mama, ila ukichafua unafagia.

Nilianza na kikapu, juu nimefunika khanga, mtoto anaingiza mkono anapapasa anasema ameshika nini bila kuchungulia. Pera, limau, embe, hayo walipata haraka. Stafeli ndio lilileta kasheshe, mtoto wa kwanza aligusa vile vimiiba akatoa mkono mbio anasema kuna mnyama humo, basi wote wakataka kumshika mnyama, foleni ikavunjika. Maneno yaliyotoka pale hakuna chati ingeyatoa: linakwaruza, linateleza, limelegea, linanukia kama kwa bibi.

Kisha ndoo ya maji. Chungwa na ganda lake ukilitumbukiza linaelea, ukilimenya linazama, kwa sababu ganda lina vijitundu vya hewa. Kabla sijatumbukiza niliwauliza lipi litazama, darasa zima likasema lenye ganda maana ndio zito. Lilipoelea wakanyamaza kabisa. Katoto kamoja ka nyuma, mwalimu anasema huwa hakaongei, kakasema "lile limevua nguo limezama". Mimi nilitoka na hiyo tu nikaona siku yangu imelipa.

Fenesi ndio lilinitia aibu. Nilijua fika kwamba kabla ya kupasua unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu, nikayasahau nyumbani, na utomvu wa fenesi ukishashika haujui sabuni wala maji, watoto wamegandana vidole, mmoja kajifuta kwenye shati jeupe la shule. Ikabidi tukaombe mafuta ya nazi kwa mama wa maandazi getini. Nilifagia, na kudeki nikadeki.

Zambarau sikubeba kwa makusudi, kokwa zile mtoto mdogo anazimeza huku anakuangalia. Bibo nalo nililipeleka lenyewe bila korosho yake, ganda bichi la korosho lina mafuta yanaunguza ngozi, nikawaeleza tu kwamba hili mbegu yake inakaa nje, wakabisha sana.

Jioni kwenye grupu la wazazi ndio nikasemwa. Mmoja kaandika mtoto wangu nampeleka akasome au akale matunda? Mwingine eti daftari la Ijumaa halina kitu. Hapo ndio nimeona mwenye shida sio mwalimu, ni sisi. Tunataka daftari lijae, tukifungua tuone kurasa zina peni nyekundu turidhike, mwalimu naye anatupa tunachotaka. Mtoto wa miaka mitano akikaa nusu saa anabishana na wenzie kwa nini chungwa limezama, sisi tunasema hajasoma kitu. Mimi sikubali, na Ijumaa ijayo mwalimu mwenyewe ndio kaniuliza nakuja na nini. Nimemwambia madafu.

Lile kosa mwalimu kalifuta, kaandika vema pembeni. Ila jana binti yangu kapewa karatasi nyingine ya kupaka rangi, ndizi na chungwa, kakaa nayo barazani kashika penseli mbili, ya kijani na ya chungwa, ananiita: "Mama, hili nipake la kwenye picha au la Muheza?"