Vipokezi vya homoni kwenye uvimbe wa ini: vinathibitisha nini?

Mwanamke anayetoka chumba cha ultrasaundi hapa Mombasa, bahasha ya kaki mkononi na jeli haijamkauka tumboni, akiwa ameandikiwa kwamba ana uvimbe wa sentimita 4 kwenye ini usioelekea kuwa saratani, huulizwa mapema na daktari kama anameza vidonge vya kupanga uzazi. Akifika nyumbani huulizwa ni nani aliyemshauri avimeze.

Shutuma hiyo, kwamba vidonge ndivyo vilivyoleta uvimbe, haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani waliripoti katika jarida la tiba la Lancet wanawake waliopata adenoma za ini, yaani uvimbe wa seli za ini usio wa saratani, wakiwa wanatumia vidonge hivyo, ambavyo toleo lake la kwanza la mwaka 1960 lilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, homoni ya kike, ilhali vya leo aghalabu vina 20 hadi 35. Baadaye vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazoipokea homoni hiyo, vilionekana katika baadhi ya adenoma, na wengi wakaona kesi imekwisha: homoni ipo, kipokezi kipo, uvimbe upo.

Mimi sioni kama imekwisha. Ini zima lisilo na ugonjwa, la mwanamume na la mwanamke, nalo lina vipokezi vya estrojeni, na ziko adenoma ambazo vipimo havikuona vipokezi hivyo ndani yake kabisa. Isitoshe, wataalamu leo hugawa adenoma kwa mabadiliko ya jeni, kama vile kuzimika kwa jeni ya HNF1A au kuamshwa kupita kiasi kwa beta-katenini, protini inayochochea seli kukua, na ni hili la pili, si wingi wa vipokezi, linaloongeza hatari ya uvimbe kugeuka saratani.

Hata hivyo, kuvipuuza vipokezi kabisa nako ni haraka. Kipimo kisichokiona kipokezi hakithibitishi kwamba hakikuwapo, na homoni yaweza kuiathiri seli kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Tena wanaume wanaotumia steroidi za kujenga misuli, ambazo ni homoni za kiume za kutengenezwa, nao hupata adenoma, jambo linaloonyesha kuwa homoni zina mkono wake. Lakini ushahidi ninaouona mzito zaidi hautoki kwenye darubini: adenoma nyingi husinyaa mwanamke anapoacha vidonge. Kwa sababu hiyo naunga mkono mwongozo wa chama cha wataalamu wa ini wa Ulaya (EASL) wa mwaka 2016, unaomtaka aache vidonge na apunguze uzito, kisha apigwe picha tena baada ya miezi 6, na kupendekeza upasuaji uvimbe ukiwa bado una sentimita 5 au zaidi. Kwa mwanamume upasuaji hupendekezwa kwa ukubwa wowote.

Ninachokipinga ni kuupeleka uamuzi huo pasipo mahali pake. Sindano ya miezi mitatu, ambayo wanawake wengi wa hapa Pwani wanaitegemea, ina projestini peke yake, homoni isiyo estrojeni, kwa hiyo ushahidi uliokusanywa juu ya vidonge vya estrojeni hauihukumu moja kwa moja. Koili ya shaba, inayowekwa ndani ya mji wa mimba, haina homoni yoyote. Pia kuna uvimbe mwingine usio wa saratani uitwao haipaplasia ya vinundu (FNH), unaoonekana zaidi kwa wanawake, ambao mwongozo uo huo haudai vidonge viachwe kwa ajili yake. Na uvimbe usio wa saratani unaopatikana zaidi katika ini ni hemanjioma, fundo la mishipa ya damu. Ultrasaundi peke yake mara nyingi haitoshi kuzitenganisha aina hizi, na MRI yenye dawa ya kung'arisha picha ndiyo inayosaidia zaidi. Kwa hiyo mwanamke wetu, kabla hajalaumiwa kwa vidonge vyake, ana haki ya kuambiwa uvimbe wake unaitwaje.