Kirikuu yangu ilingoja mpaka ikafika miaka 25

Jumamosi iliyopita naegesha nje ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Bellingham, mji ulio jirani na mpaka wa Kanada katika jimbo la Washington, nikaona kijana ananikimbilia na simu mkononi. Nikajua nimemgusa mtu na gari. Kumbe anataka picha. Akazunguka, akainama kutazama vitairi, akacheka peke yake, kisha akauliza kama nauza. Gari lenyewe ni Suzuki Carry ya 1997. Kirikuu, kilori kidogo cha Kijapani. Hiyohiyo mnayoijua, inayopanga foleni pale feri ya Msangamkuu, Mtwara, kusini mwa Tanzania, kusubiri samaki.

Nimeandika haya kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Mtwara na Lindi kuna ndugu kila mwezi anarudia wimbo mmoja: nyie wa majuu mnaagiza magari mtakavyo, sisi huku tunanyongwa na kodi. Nusu ya maneno yake ni kweli. Hiyo nusu nyingine ndiyo imenifanya nikae chini.

Nilipokuwa sekondari, mjomba wangu wa Mikindani alikuwa na kirikuu ya kubebea samaki na barafu. Akinikuta njiani asubuhi ananipakia nyuma. Nilikuwa namwomba anishushe kona moja kabla ya shule, nisije nikaonekana naruka kutoka kwenye maji ya samaki mbele ya wasichana wa darasani. Alijua sababu, na kila mara alipiga honi akiondoka ili wageuke waangalie. Leo nimetoa dola 5,200 kupata kama ile, nikatoa nyingine niruhusiwe kuingia nayo nchini, na watu wananisimamisha barabarani kuisifia. Mjomba nilipomwambia bei alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

Sheria ya huku iko hivi. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani haliruhusiwi kuingia na kubaki hivihivi mpaka litimize miaka 25, na miaka hiyo inahesabiwa hadi mwezi, siyo kwa mwaka ulioandikwa kwenye tangazo. Watu wa moshi na mazingira wao wanatosheka na 21, mradi injini iwe ya asili. Kanada ng'ambo ya mpaka wanataka 15 tu. Kwa hiyo yadi za upande wa Kanada zina kirikuu za Japani zilizokwisha kuingia kihalali kule, na Wamarekani wanakuja kuzitolea macho kama watu wanaovizia embe lianguke. Nilipoiona yangu, Juni 2022, ilikuwa na miaka 24 na miezi kumi na kitu. Muuzaji akachukua advansi, akaniambia nirudi Agosti. Nikarudi Agosti. Yaani nimesubiri gari lizeeke!

Mpakani kazi kubwa ilikuwa kuthibitisha huo umri. Kwenye bati la gari la Japani mara nyingi hukuti mwezi wa kutengenezwa. Nilibeba karatasi ya Japani yenye mwezi wa usajili wa kwanza pamoja na tafsiri yake, na kama akiba nikapiga picha kitambulisho kidogo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kiti, ambacho huwa na tarehe. Kuna fomu mbili, moja ya usalama na moja ya moshi. Ofisa akazisoma, akatoka nje, akafungua mlango wa kushoto, akakuta hakuna usukani, akacheka.

Kisha ushuru. Gari dogo la abiria lilikuwa linalipiwa asilimia 2.5. Kirikuu lakini kwa sheria yao ni lori, hata kama injini yake ni cc 657 na mimi nikiinama naweza kuinua kona yake moja. Na lori ni asilimia 25. Kisa cha asilimia hiyo ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikiwa mbele, ziliwapandishia Wamarekani ushuru wa kuku. Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kupandisha ushuru wa vitu kadhaa, malori yakiwemo, kuanzia mwaka 1964. Vitu vingine viliondolewa baadaye, malori yakabaki. Ndiyo maana mtoto wa Mtwara analipa dola 1,300 mwaka 2022 kwa ugomvi wa kuku waliokwisha kuliwa kabla mama yake hajazaliwa.

Asilimia 25. Sasa mkumbuke ushuru wa forodha wa gari kule nyumbani ni ngapi. Ni hiyohiyo 25. Tofauti inaanzia hapo kuendelea.

Mwaka 2018 mjomba aliagiza Toyota Noah ya 2004 kutoka Japani, aifanyie abiria kati ya Mtwara na Masasi. Nilimsaidia mimi, nilikuwa naingiza takwimu kwenye kikokotoo cha kodi kilichoko mtandaoni huku yeye ananisomea kwa simu. Ushuru wa forodha 25. Juu yake ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Juu yake uchakavu, maana gari la abiria likizidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18, ambayo inakokotolewa baada ya hizo nyingine kuingizwa ndani. Na thamani inayokokotolewa ni ya jedwali la watu wa kodi, siyo ya risiti uliyoshika. Alipomaliza kujumlisha akaniambia, "Mpwa wangu, nimenunua magari mawili, nitapokea moja."

Lakini hakulalamika sana, kwa sababu namba aliiona mapema. Kilichomuumiza ni kile ambacho kikokotoo hakina sehemu ya kukiandika. Wakala wa forodha aliyemwamini alikaa na karatasi zake wiki tatu, leo mtandao uko chini, kesho mtu wa kusaini kaenda msibani, na gari liko yadi linahesabiwa siku. Tozo ya kuhifadhi haijui msiba. Mjomba alilala Mbagala, Dar es Salaam, kwa shemeji yake siku kumi na tisa, akala nauli yote ya kurudia, mwishoni akaomba tumtumie hela ya mafuta.

Hapa ndipo namjibu yule ndugu wa kundini. Majuu hatuagizi tutakavyo. Toyota IST ya 2006 uliyonayo wewe pale Ligula, Mtwara, mimi hii leo sipewi ruhusa ya kuileta kirahisi, bado ni kijana mno. Nilichopata mimi ambacho mjomba hakupata ni saa mbili. Nilifika mpakani saa tatu asubuhi, saa tano nilikuwa nimetoka, nikiwa nimelipa kiasi kilekile nilichokiandika kwenye karatasi nikiwa nyumbani. Kwa hizo saa mbili ningelipa hata uchakavu.

Kuhusu sheria zenyewe, mimi naona zote mbili zinauliza swali lisilo na maana. Huku wanauliza: limeshazeeka? Kwetu wanauliza: halijazeeka? Hakuna anayeinama kutazama breki. Breki zangu za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa, na zilipita mpakani kwa heshima zote kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Noah ya mjomba ilikuwa imetunzwa na mzee wa Kijapani ambaye kila miaka miwili anapeleka gari kukaguliwa kwa sheria ya kwao, imekuja haina hata mkwaruzo, ikaadhibiwa kwa umri. Ningekuwa na mamlaka, ambayo sina hata nyumbani kwangu, ningeondoa kipimo cha umri nikaweka mtu mwenye jeki na tochi. Tochi ya kumulika chini ya gari, siyo ile ya trafiki inayokungoja kila kijiji kutoka Kilwa mpaka Mingoyo.

Jambo jingine: bandari. Mtwara tuna bandari ya kina kirefu cha asili, tunapakia korosho, tunapakia makaa ya mawe ya Ruvuma, meli zinakuja. Gari la mtu wa Mikindani linashukia Dar es Salaam, halafu linaendeshwa kilomita zaidi ya 550, linavuka daraja la Mkapa pale Rufiji, linaingia mjini limepata mikwaruzo yake ya kwanza ya Tanzania. Nimeishia hapo, hili lina wenyewe.

Hata baada ya mpaka, Marekani haina neno moja. Kila jimbo lina ofisi yake ya kusajili magari na akili yake. Maine waliwakatalia wenye kirikuu, Rhode Island wakafuta usajili wa watu waliokwisha kupewa namba, Texas walikataa kisha wakalegeza mwaka 2024. Mimi jimbo langu limenipa namba, nikaifunga kwa mikono yangu. Majirani hawajui kusoma namba kama sisi. Mtwara mtu akiona namba A, ya gari lililosajiliwa zamani, anakuhurumia, akiona namba E, ya juzijuzi, anakuomba mkopo. Huku namba haisemi kitu, lakini uzee wa gari umekuwa mapambo. Wanaonunua kirikuu wengi ni watu wenye magari mengine mawili mapya nyumbani. Wanabebea mbwa. Nimeona mmoja kaipanda maua nyuma. Nilifikiria lile tenga la samaki wa mjomba na barafu inayoyeyuka, nikashindwa kucheka.

Nami nisijifanye. Kubwa kwangu ni usukani. Miaka kumi na moja naendesha kushoto mwa gari, na mwili wangu haujawahi kukubali. Siku ya kwanza nilipokaa kulia, mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia wenyewe, kama mtu aliyerudi chumba alicholelewa akapapasa swichi gizani akaipata. Kwenye barabara kuu inalia kama mashine ya kusaga, malori yananipita yananiyumbisha, na kwenye dirisha la kununulia kahawa bila kushuka inabidi binti yangu anyooshe mkono kutoka kiti cha kushoto. Analalamika. Kahawa inamwagika.

Mwezi wa tatu kioo cha taa ya mbele kilipasuka. Huku niliambiwa dola 140 na kusubiri wiki tano. Nikamtumia mjomba picha. Baada ya siku mbili fundi wake wa Chikongola alikuwa amekipata, kimetumika lakini kizima, shilingi 20,000. Shemeji yangu alikuwa anasafiri kuja huku, akakiviringisha kwenye kanga, akakisokomeza katikati ya kilo tatu za korosho za kukaanga. Uwanja wa ndege walimfungulia begi. Wakaziuliza korosho maswali, zimekaangwa, zimetoka wapi, za kula au za biashara. Kioo wakakiinua, wakakitazama, wakamrudishia.