Mnyororo wa koili chini ya stendi ya bodaboda: unafaa au haufai?

Kuchaji bodaboda za umeme bila kuchomeka waya ni wazo linalovutia, hasa katika Nairobi ya mvua za Aprili, ambako stendi nyingi hazina paa. Wanaolipigia debe hutaja jaribio la chuo cha MIT, Marekani, la mwaka 2007, ambapo koili mbili (yaani waya uliozungushwa duara mara kadhaa) zilizotengana mita 2 ziliwasha balbu ya wati 60. Wengine huenda mbali zaidi: kwa nini tusizike koili nyingi kwa mstari, kila moja ikiiamsha inayofuata, umeme ufike hadi mwisho wa stendi?

Fizikia haina pingamizi. Mwaka 2002 watafiti Shamonina, Kalinin, Ringhofer na Solymar walieleza jinsi wimbi linavyosafiri kutoka koili hadi koili katika mnyororo kama huo. Koili iliyofungwa kapasita, kijifaa kinachohifadhi chaji, ina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayoupokea umeme kwa urahisi zaidi. Uga wake wa sumaku huzalisha mkondo katika koili jirani, nayo jirani humwamsha wa tatu. Hilo si wimbi la redio la kawaida. Kwa megahezi 13.56, masafa yanayotumiwa na kadi za kugusisha, wimbi la redio lina urefu wa mita 22 hivi. Wimbi la mnyororo, katikati ya ukanda wa masafa linamoweza kupita, lina urefu wa koili 4 tu.

Tena lina vituko. Ukizipanga koili zikitazamana kama sahani kabatini, wimbi huenda mbele kama lilivyotarajiwa. Ukizilaza bapa ubavu kwa ubavu, uga uliopanda kupitia moja hushuka kupitia jirani yake, na vilele vya wimbi vinaonekana vikirudi kwenye chanzo huku nishati ikisonga mbele. Mwanafunzi mwenye oskiloskopu (kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini), waya wa shaba na kapasita za kununua Luthuli Avenue anaweza kujionea mwenyewe. Kwa kufundishia, sijui kifaa rahisi kinachokizidi hiki.

Ila umeme wa kulipiwa una hesabu yake. Tuseme koili ni nzuri, kipimo chake cha ubora, yaani Q, ambacho hupanda kadiri koili inavyopoteza nishati kidogo, ni 200, na mshikamano kati ya jirani wawili, yaani kiasi ambacho uga wa mmoja unamfikia mwenzake, ni 0.05. Kila hatua inakula karibu asilimia 10 ya nguvu iliyoifikia. Baada ya koili 10 inabaki asilimia 37 hivi; baada ya 20, kama 14. Nyingine imeishia kuwa joto ndani ya shaba, na bili ya stima inakuja nzima. Hapo hata pikipiki haijaegeshwa. Chuma chake kikisogea, masafa ya koili iliyo chini yake yanahama, na sehemu ya wimbi inagonga hapo na kurudi ilikotoka.

Watetezi watajibu kwamba hasara hupungua ukikaza mshikamano na kuongeza Q. Ni kweli. Lakini kukaza mshikamano maana yake ni kuzisogeza koili karibu zaidi, basi zinakuwa nyingi kwa kila mita, na Q kubwa inataka waya mnene. Mfumo unaosifiwa kwa kutokuwa na waya unaishia kuzika shaba nyingi kuliko kebo moja, tena katika mji ambao shaba haikai salama.

Mnyororo huu una mahali pake pazuri. Ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, waya mrefu ulioingizwa mwilini unaweza kunasa mawimbi ya redio na kupata joto la hatari. Watafiti wa Imperial College London wamejaribu mirija ya kitabibu yenye mnyororo wa koili badala ya waya mmoja mrefu, na huko kupoteza sehemu ya ishara ni afadhali kuliko kumuunguza mgonjwa.

Stendini hakuna sababu kama hiyo. Kebo iletwe chini ya ardhi mpaka kila nafasi ya kuegesha, kisha jozi moja tu ya koili, moja sakafuni na nyingine kwenye pikipiki, zikaribiane kadiri inavyowezekana. Hata jozi hiyo itabidi ishindane na betri za kubadilishana, ambazo mwendeshaji wa Nairobi anaziokota kwa dakika chache na kuendelea na safari.