Andikeni jina la dawa iliyomdhuru mgonjwa

Wiki iliyopita shangazi yangu alifika Uyole kutoka Rungwe midomo imechubuka, macho mekundu, hata mate kumeza hawezi. Nikafungua daftari lake la zahanati. Ukurasa wa mwisho: "Mzio wa dawa. Abadilishiwe." Dawa gani? Hakuna. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema kwa shida, "Vile vyeupe vikubwa, mwanangu, vya kifua."

Vidonge vyeupe vikubwa viko vingi mno! Hospitali tulikomkimbiza, daktari alihoji, akahoji tena, ndipo ikajulikana ni Septrin. Mtu ngozi inaanza kubabuka, homa imepanda, na muda unapotea kutafuta jina ambalo mtu fulani alilijua akaona uvivu kuliandika. Tiba yenyewe inaanzia hapo: dawa iliyodhuru isimamishwe mara moja. Drip, kusafisha vidonda kwa uangalifu ule wa mtu aliyeungua moto, macho kutunzwa yasije yakapofuka, vyote vinafuata baadaye.

Na kwa mikoa yetu hili ni zito. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na CTC, yaani kliniki za wanaoishi na VVU, watu wengi wamemeza Septrin kwa kinga. Septrin ina salfa, na salfa ndiyo inayoweza kuleta mzio wa namna hii. SP wanazomeza wajawazito kliniki kuzuia malaria nazo zina salfa. Mama aliyedhurika Makambako akihamia Mafinga na daftari lisilosema kitu, nesi wa huko atajuaje? Atampa kwa nia njema kabisa, na safari hii huenda mama asipone.

Manesi wamezidiwa, najua. Zahanati za vijijini utakuta mmoja anazalisha, anachanja na kugawa dawa siku hiyohiyo. Nakubali. Lakini jina moja la dawa kwa wino mwekundu juu ya jalada la daftari halimchukui nesi hata dakika moja.

Maduka ya dawa nayo yananiudhi. Unapewa vidonge kwenye kibahasha kimeandikwa "1x3", basi. Ukidhurika usiku, unakwenda hospitali na kibahasha kisicho na jina.

Si kila karaha ni mzio, hilo nalo lisemwe. Mgonjwa wa TB akikojoa mkojo mwekundu kwa sababu ya rifampisini hajadhurika, ila asipoambiwa mapema ataziacha dawa. Na anayebanwa pumzi dakika chache baada ya sindano anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja kwanza, vidonge vya mzio kama Piriton havitamwokoa.

Ipo pia fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, ya kuripoti madhara ya dawa. Tanzania imo kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara haya tangu 1993, na TMDA wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Waganga, ijazeni. Isipojazwa, yaliyompata shangazi yanabaki kuwa habari ya ukoo wetu tu.

Na wewe uliyempeleka mgonjwa, usinyanyuke kwenye benchi kwa aibu ya kumsumbua daktari. Mwambie, "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa iliyomdhuru." Akishaandika, lisome mbele yake, na mwandiko ukikushinda mwombe aandike upya kwa herufi kubwa.